Chupa Zangu na Kiu ya Shemeji Yako

Nyumbani kwetu,
Juu ya duka la vioo,
Ghorofa ya pili.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, tena zipokee umekaa, maana najua barua zangu huzisoma umesimama mbele ya sufuria. Hujambo mama? Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya huko imelegea, au bado unalala na soksi? Wenzako wa jikoni hapo hospitalini nao wazima? Yule mpishi mkuu wenu anayefoka hata akisema asante, mfikishie salamu zangu, ingawa hanijui.

Sisi huku tu wazima. Nasema wazima na ninamaanisha, si kujaza mstari. Nina kikohozi kidogo cha asubuhi, lakini kile cha zamani kilichokuwa kikiamsha majirani kimehama. Shemeji yako naye ni mzima, ingawa kwa upande wake kuna kisa, na kisa chenyewe ndicho kilichonikalisha hapa.

Barua yako niliipata. Nilicheka sana uliposema sasa unavutia sigara kwenye ngazi za dharura kwa sababu msimamizi amefunga mlango wa ua. Kisha nikafika pale ulipoandika, "Dada, nasikia umeacha sigara kwa kunywa. Nitumie hizo chupa." Hapo sikucheka. Nimekaa na ombi lako muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nisamehe. Nikikujibu ndiyo nitakuwa nimekuficha jambo, na nikikujibu hapana nitakuwa nimekunyima. Kwa hiyo nakuhadithia lote, wewe mwenyewe upime.

Chumba changu cha kazi unakikumbuka. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia katikati, na marobota ya kitambaa yamesimama ukutani kama watu waliopanga foleni. Ng'ambo ya korido ndiko shemeji yako anakotengeneza meno ya bandia. Madaktari wa meno humletea vipimo vya vinywa vya watu, naye anamimina plasta, anachonga nta, anapanga meno moja moja mpaka taya litabasamu. Tangu tuoane, upande wake wa nyumba ni vumbi jeupe na upande wangu ni moshi. Yeye anafagia, mimi navuta.

Sigara hajawahi kuigusa, unamjua. Na alinisema kila siku ya ndoa yetu. Hakunisema kwa ukali, alinisema kwa upole ule wake unaoudhi kuliko ukali. "Mke wangu, ni kuamua tu." Nikikohoa, ni kuamua tu. Nikitoka katikati ya chakula kwenda ngazi za nyuma, ni kuamua tu. Kuna siku nilimwambia akilitamka tena neno hilo nitamshonea mdomo kwa uzi wa mapazia, ule mnene.

Mwaka jana nikapata kazi ya mapazia ya nyumba ya wageni, madirisha yote, pamoja na ukumbi wa kulia. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nilishona kwa moyo wote, mikunjo imelala sawasawa, pindo hazionekani hata ukizitafuta kwa tochi. Mwenye nyumba akaja kuyachukua. Akakunjua moja, akalisifia rangi, kisha akalisogeza puani.

"Mama," akasema, "ushonaji wako sina neno. Lakini mgeni wangu akilala chini ya dirisha hili, asubuhi ataniuliza ni nani alikuwa anavuta chumbani mwake."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningegombana naye. Niliyafua yote upya, nikayaanika juu ya paa, nikasimama katikati ya mapazia yangu mwenyewe nikalia. Halafu, Chiriku, nilipomaliza kulia nikaingiza mkono mfukoni nikatoa sigara. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilimwambia binti yetu, naye akamwambia mumewe. Mkwe wetu, kama unavyojua, ni mchanganyaji wa ladha katika kiwanda cha vinywaji. Ni kijana mtaratibu, anayenusa chai kabla ya kuinywa. Basi akaja jioni moja na kreti ya chupa ndogo za kahawia zisizo na nembo. Akanieleza kwamba kiwandani wanajaribu kinywaji cha tangawizi na limau chenye nikotini kidogo ndani yake. Nikotini ndicho kile kitu kwenye tumbaku kinachomfanya mvutaji aitafute sigara kama mtu aliyepoteza funguo. Walichofikiri ni kwamba mvutaji akiipata kwa kunywa, moshi na lami ya sigara ataviacha nje. Walikuwa wanatafuta wavutaji wa kujaribu, nami nikasema mniandike wa kwanza.

Aliniwekea masharti: nisinywe kwa pupa, ninyonye kidogo kidogo kutwa nzima, na nisivute juu yake. "Na mama," akaongeza, "hii ni ya kwako peke yako." Nikamwambia sawa. Sote tulisema sawa, hata shemeji yako aliyekuwa pale akikwangua plasta kwenye kucha zake.

Siku ya kwanza nilikunywa kama ninavyokunywa maji, kwa kiu ya cherehani. Weeh! Kwikwi zilinishika, moyo ukaenda mbio, kisha nikatapika kwenye karai ambalo shemeji yako huchanganyia plasta yake. Alinifuta uso akanionea huruma, ila karai lake alilitazama kwa muda mrefu zaidi.

Baadaye nikaijulia. Kumbe inatakiwa uiweke mdomoni, uiache kooni ikuchome kidogo, ndipo umeze. Ile hamu ya sigara, ambayo kwangu hukaa hapa chini ya shingo, ikawa inalegea yenyewe. Siku zikapita sijawasha. Nikafua mapazia ya nyumbani, nikafua makoti, nikaosha kuta. Jirani wa duka la vioo akaniuliza kama nimehama. Chiriku, sikufichi, zile chupa zilinisaidia. Mtu akikwambia hazifanyi kazi, mwambie dada yangu zilimfanyia. Lakini usiishie hapa kusoma.

Ilianza na masalia. Shemeji yako hawezi kuona kitu kinamwagwa. Mkate uliokauka atauloweka, nta iliyobaki ataiyeyusha upya. Basi jioni nilikuwa nikiacha tone chini ya chupa, naye anapoosha vyombo anamalizia. "Tamu hii," akasema mara ya kwanza, akipiga ulimi. "Mkwe wetu ana mkono." Nami nikafurahi, mjinga mimi, kwamba mume wangu anamsifu mkwe wake.

Halafu akaanza kunisindikiza. Mchana nikifungua yangu, anavuka korido na kikombe chake. "Nipe kidogo, nikuunge mkono." Miaka yote nilivuta peke yangu kule nyuma kama mtu aliyefukuzwa mezani, na sasa mume wangu alikaa nami tukinywa pamoja, tukizungumza. Alikuwa mchangamfu, kazi yake ikaenda upesi, anapiga mluzi. Nikajiambia ndoa imepata ujana wa pili. Sikujua kwamba wenzangu wawili walikuwa mezani, na mmoja wao ni nikotini.

Chupa zikawa zinapungua upesi kuliko ninavyokunywa. Nikadhani ni mimi. Nikaanza kujibana, nakunywa nusu ya nusu, na hamu ikanirudia kwa hasira, lakini bado asubuhi friji ilikuwa na nafasi mpya. Kwa mkwe sikusema kitu, aibu. Ningesemaje? Kwamba nimeacha sigara nimekuwa mlevi wa tangawizi?

Kisha mkwe akasafiri kikazi, na kreti ikaisha.

Mimi nilitaabika, ndiyo, lakini nilikuwa nimekwisha kujipunguza bila kujua, kwa sababu ya kulinda chupa. Aliyeumia ni shemeji yako. Mtu yule, Chiriku, ambaye katika maisha yake hajawahi kupiga mlango! Alipiga mlango. Alimfokea tarishi wa daktari. Alilalamika kichwa, akalalamika redio ya dukani, akasema chakula hakina chumvi na alipoongeza akasema kimezidi. Usingizi ukamkimbia. Nikamgusa paji la uso, halina joto. Nikafikiri labda ni sukari, au presha, au mambo ya umri. Binti yetu akasema, "Mama, baba ana jambo anatuficha." Nikaogopa ugonjwa mkubwa. Nilikuwa nashona huku namtazama mgongo wake kupitia korido, nikijiuliza nitaishije bila huo mgongo.

Wakati huo ndipo mwalimu mmoja mstaafu alipokuja na meno yake mapya mkononi, yamefungwa kwenye leso. Ni mama wa heshima, anazungumza kama bado kuna darasa mbele yake. Akayavaa, akamgeukia shemeji yako.

"Fundi, hili jino la mbele linamtazama nani?"

Na kweli, jino lilikuwa limeegemea upande, kama mtu anayechungulia kona. Shemeji yako alilitazama, akatazama vidole vyake, akaviweka nyuma. Kazi zake nazijua. Jino la mtu huyu haliegemei. Aliomba radhi, akaahidi kulirudia, na mwalimu alipotoka akakaa mbele ya masanamu yake ya mataya bila kugusa kitu.

Kesho yake nikashuka kununua uzi. Pale kioskini muuzaji akanisalimia, kisha akanyanyua nyusi.

"Mama, umerudia tena? Nilikuwa nimefurahi umeacha."

"Nimerudia nini?"

"Mzee si amekuja sasa hivi kukuchukulia? Amesema ni ya kwako. Hata kiberiti amechukua."

Sikununua uzi. Nilipanda, nikapita chumba chake, hayupo. Nikaenda moja kwa moja kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu nani anayezijua ngazi zile kama mimi?

Alikuwa amekaa kwenye kidato changu. Aproni yake nyeupe, nywele zina plasta, na sigara mdomoni. Alikuwa anawasha kiberiti, kinazimika, anawasha kingine. Mwishowe ikashika, akavuta, akakohoa mpaka machozi. Na harufu iliyotoka haikuwa ya tumbaku, ilikuwa ya kitu kinachoungua kama plastiki.

Mdogo wangu, maneno mengi yangefaa wakati ule. Nililosema mimi ni hili:

"Umeigeuza. Umewasha kichungi."

Akaitazama sigara, akanitazama mimi. "Hata kuvuta sijui," akasema. Kisha uso wake ukakunjamana kama wa mtoto, akalia. Nimeishi naye tangu ujana, tumezika wazazi pamoja, sijawahi kuona analia namna ile.

Nikakaa kando yake. Akaniambia yote. Kwamba chupa zilikuwa zinaondoka kwa mkono wake. Kwamba alizificha kwenye kabati la masanamu, nyuma ya mataya ya watu. Kwamba zilipoisha aliramba hata vizibo. Na kwamba asubuhi ile, mikono inatetemeka na jino la mwalimu linamsubiri, alikumbuka mkwe alivyosema kilichomo kwenye chupa ndicho kilichomo kwenye sigara.

"Sikuwa naitaka sigara," akasema. "Nilitaka kutulia tu nipange jino moja."

Nikamwambia angeniambia.

"Ningekuambiaje? Mimi? Niliyekuwa nakuimbia kila siku kwamba ni kuamua tu?" Akajifuta kwa aproni, plasta ikampaka shavu. "Nimeamua juzi. Nimeamua jana. Leo asubuhi nimeamua tena, nikaenda kioskini nimeshaamua. Mke wangu, kumbe ulikuwa unabeba hivi? Miaka yote hii, ulikuwa unabeba hivi, na mimi nakusemesha?"

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja sikujua niliweke wapi. Nilimshika tu mkono.

Sigara ilikuwa bado inafuka kati yetu. Akajaribu kuizima, hajui hata kuzima, nikaichukua. Na sasa nisikilize vizuri, kwa maana hili nakuambia wewe tu unayelijua. Nilipoishika, vidole vyangu viliitambua. Vikaigeuza upande ulio sawa bila mimi kuviambia. Mate yakanijaa mdomoni. Kiberiti kilikuwa pale pale kwenye kidato. Nilijiambia pumzi moja tu, leo nimepata mshtuko, nani atanilaumu?

Yeye akauona mkono wangu. Hakusema acha, wala hakusema amua. Alisema, "Nikikuona unaivuta kwa sababu yangu, sijui nitafanyaje. Nisaidie na mimi nikusaidie." Basi. Nikaitosa kwenye ndoo ya maji machafu ya kudekia, ikalia tsss, tukabaki tumekaa pale kama watoto waliovunja kitu.

Siku ile ile tukaenda zahanati, wote wawili, tumeshikana mikono kama wachumba. Nesi wa kifua akatuandika. Akamgeukia shemeji yako.

"Baba, unavuta tangu lini?"

"Sivuti."

"Basi umefuata nini hapa?"

"Nakunywa."

"Pombe?"

"Hapana. Tangawizi."

Nesi akaweka kalamu chini. Ilibidi nimweleze mimi, na nilipomaliza aliuma mdomo asicheke, akashindwa, tukacheka wote watatu mpaka mtu akachungulia mlangoni. Sijui kama kicheko ni dawa, lakini shemeji yako alitoka pale mabega yameshuka.

Kisha nesi akazungumza kwa makini. Akasema kwa mvutaji mkongwe kama mimi, kuondoa moshi ni faida, ila nisifanye chupa kuwa nyumba ya pili, nipunguze mpaka niachane nayo. Kwa mtu asiyevuta kama shemeji yako, kinywaji kile hakikuwa na faida hata ya kuokota. Kilikuwa kimemletea tu kiu ambayo hakuzaliwa nayo. Akamwambia aache kabisa, atanuna, ataumwa kichwa, atamchukia kila mtu, kisha itapita. "Wewe mama," akaniambia, "uwe mvumilivu naye." Nikamwambia nesi, mwanangu, mimi amenivumilia ndoa nzima.

Ikapita kweli, ingawa haikupita kwa adabu. Alitafuna karoti kutwa nzima. Mimi nashona, ng'ambo ya korido nasikia kra, kra, kra, kama kuna sungura anayetengeneza meno. Akinuna sana tunavaa viatu, tunazunguka mtaa, tunarudi. Kuna jioni tulizunguka mpaka mlinzi wa benki akatuuliza kama tumepotea. Polepole mikono ikatulia. Jino la mwalimu akalipanga upya, na mama yule alipolivaa alijitazama kwenye kioo akasema, "Sasa linatazama mbele." Kwa mwalimu hiyo ni sifa kubwa.

Mkwe wetu aliporudi tulimketisha mezani. Nilihofia atadhani tunamlaumu, maana kazi ile aliipenda, na wenzake kiwandani walikuwa wanaitegemea. Shemeji yako alikiri mwenyewe, hakunisubiri.

"Baba, si zilikuwa za mama?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungependa mkweo akuambie nini? Kwamba anaiba kwenye friji?"

Kijana hakucheka. Alizungusha kikombe chake. Mwishoni akasema, "Niliitia utamu ili mvutaji asiikimbie. Nikawa namfikiria mvutaji tu. Sikumfikiria mtu mwingine anayefungua friji ile ile." Binti yetu akamwekea mkono begani, na mimi nikampakulia chakula cha pili, kwa kuwa sikujua la kusema na sufuria ilikuwa karibu.

Alikwenda kiwandani akawaeleza wakubwa zake, bila kutaja jina la mtu. Walimkasirikia mwanzoni. Mmoja alimwambia kwamba mzee mmoja mwenye ulafi hawezi kusimamisha mradi. Lakini wengine walitaka kujua zaidi, na walipowauliza wavutaji waliokuwa wakijaribu, ikaonekana kwenye nyumba nyingine nako kuna watu walikuwa "wanasindikiza". Sasa mradi umesimamishwa kwanza. Mkwe anataka kinywaji, kikirudi, kiwe kichungu kama dawa, kwenye kichupa chenye kizibo kigumu, kikae nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na mtu aulizwe kabla hajauziwa. Sijui kama watakubali. Yeye anasema hata wasipokubali, ameshasema. Nampenda zaidi kijana huyu kuliko siku alipokuja kuposa, na siku ile alikuwa amevaa suti.

Mimi nilimaliza kwa chupa chache alizoniachia, kwa ruhusa ya nesi. Shemeji yako ndiye aliyekuwa mpimaji wangu, hebu fikiria, aliyefungiwa friji ndiye aliyepewa funguo. Alisema anataka iwe hivyo, ajue kwamba anaweza kuishika asiinywe. Kila mara anapunguza kinywaji anaongeza maji, kwa kikombe kile kile anachopimia unga wa plasta, macho yamekodoka, hata tone halimponyoki. Mwisho nikawa nakunywa maji yenye kumbukumbu ya tangawizi. Siku moja nikasahau kuyanywa. Jioni ndipo nikakumbuka nimesahau, nikamwita aje aone chupa haijafunguliwa. Tuliisimamia pale mezani kama tunapigwa picha.

Kwa hiyo jibu lako, mdogo wangu. Chupa sikutumii, na hata nikitaka sina. Lakini sikuambii uache kwa kuamua tu, Mungu anisamehe nikilitamka. Wewe unafanya kazi hospitalini, umezungukwa na wanaojua. Mtafute mmoja, mwambie kama ulivyoniambia mimi, wala usione haya. Wakikupa kitu cha kukupunguzia hamu, kipokee. Ila kiweke kama dawa inavyowekwa. Huyo binti unayeishi naye chumba kimoja, anayepika nawe na kunywa kwenye vikombe vyako, asikionje, hata akisema anakuunga mkono. Hasa akisema anakuunga mkono.

Na ule wakati wako wa kwenda kwenye ngazi za dharura, nenda, usijinyime upepo. Lakini nenda na simu. Nipigie. Nitakuwa kwenye cherehani, nitaikanyaga polepole tusikie vizuri. Tutasengenya watu mpaka hamu ipite, hiyo ndiyo kazi tuliyozaliwa nayo. Siku utakayoshindwa, nipigie vilevile.

Binti yetu anakusalimu na anauliza lini utakuja. Mkwe wetu anakusalimu kwa heshima zake zote. Jirani wa duka la vioo anakusalimu, bado anakumbuka ulivyomvunjia kioo kwa kicheko, si kwa mkono. Shangazi mkubwa naye anasema umpigie, sikio la kushoto bado linasikia. Wasalimie wote wa jikoni kwako, na huyo binti wa chumbani umkumbatie kwa niaba yangu.

Mungu akutunze huko uliko, akupe pumzi ndefu na usingizi mzuri, na siku ukipanga safari akufungulie njia yote mpaka kwenye mlango huu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko nilivyowahi kukuambia uso kwa uso,

Mama Mapazia

Shemeji, ni mimi. Amenipa nafasi hii ndogo chini ya karatasi na amesimama nyuma yangu kuhakikisha sijitetei. Sijitetei. Nataka tu kukuambia jambo ambalo yeye hajaliandika kwa sababu, mpaka anaposoma hapa begani kwangu, alikuwa hajui kwamba tulimsikia. Juzi alikuwa anashona, akaanza kuimba. Alianza chini kwa chini, halafu akasahau kwamba tupo, akaimba kwa sauti yote, wimbo mrefu, hakukatika pumzi hata mara moja. Mimi nilizima mashine yangu ya kusugulia meno. Kule chini dukani nikasikia na wao wamezima redio. Tulikaa hivyo, nyumba nzima, mpaka akamaliza.